Katibu wa Foleni

Stesheni ya Kigoma,
Jumatano mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Umeamkaje, na macho yako yameamkaje? Goti je, na ule ugomvi wako na jirani juu ya migomba? Mimi ni mzima wa mwili, ila uso sijui niufiche wapi. Tumpe dada yangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, soma kwa sauti na usiruke mahali ninapojilaumu, maana nakujua, utakimbilia kwenye zawadi. Na huyo mama aliyewaletea bahasha mpeni kiti na maji kwanza. Amepanda treni mbili kufika hapo Uyole, na habari zake zinakuja.

Mama, neno gumu nalisema mapema: siji.

Nakumbuka ulivyomwagiza Tumpe aniandikie, "Bila Asajile mimi sivuki mpaka." Najua pia mjomba kule Ndola alivyohangaika kukupatia nafasi kwa daktari wa macho, na kwamba daktari huyo anakaa wiki moja tu kisha anarudi kwao. Ukiikosa wiki hiyo, sijui tutampata lini mwingine, na mtoto wa jicho hangoji mtu. Kwa hiyo usikasirike kabla ya kunisikiliza hadi mwisho.

Mvua ilikula tuta la reli huko mbele ya Malagarasi. Fundi mmoja aliyekwenda kutazama alisema reli zimebaki zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Siku kumi na moja hapakuingia treni wala kutoka. Nikawaza meli ya kwenda Mpulungu, maana pale ni Zambia tayari, lakini siku hizi nayo inabeba wakimbizi na hata mabaharia hawajui itaondoka lini. Basi nikachukua begi langu nikaja stesheni kupanga foleni.

Foleni ya hapa watu hawaisimamii wenyewe. Mtu anaweka jiwe, ndoo mbovu au kandambili moja, kisha anakwenda zake sokoni Mwanga kuendelea na maisha, na jiwe lake linaheshimiwa kana kwamba ni yeye. Nami nikaweka la kwangu, jiwe zuri la ziwani, nyuma ya jiwe la Mzee Bukuru, mkulima wa kahawa wa Kalinzi aliyekuwa akienda Tabora kumwona bintiye. Siku ya tatu tukarudi pamoja kuangalia nafasi zetu. Tukakuta mawe yetu mawili na la mtu mwingine yamesogezwa pamoja, moto unawaka katikati, na juu yake sufuria ya maharage inatokota.

"Ewe mama, umepikia juu ya nafasi yangu!" Mzee Bukuru akafoka.

"Papa, mi naona mawe tatu, mi nateleka," akajibu mwenye sufuria bila wasiwasi. "Kwetu mawe tatu njo jiko."

"Hilo la kushoto ni mimi!"

"Basi unaungua, Papa. Ngoja nikutoe."

Huyo ndiye Mama Feza, ndiye aliyekaa mbele yako sasa hivi. Ni Mkongo wa Moba, ng'ambo ya ziwa. Alikimbia vita, akapokewa na shemeji zake Mwanga, na sasa amepata kibali cha kumfuata mumewe Ndola.

Tuliyala yale maharage wote, ugomvi ukaisha, na kama ilivyo desturi yetu baada ya ugomvi tukaunda kamati. Mzee Bukuru akawa mwenyekiti. Wakauliza nani ana mwandiko mzuri, na Mama, mkono wangu ukainuka wenyewe. Mawe yakafutwa, nikanunua daftari kubwa nikalichora safu: namba, jina, aendako, mizigo, maelezo. Kwenye maelezo niliandika mambo ya maana kama "ana kuku watatu, ameahidi kuwafunga miguu". Asubuhi na jioni niliita majina, na asiyeitika mara mbili nilimfuta bila huruma. Watu wazima wakawa wananiamkia "Bwana Katibu". Kichwa kilivimba, sikatai. Miaka yote niliyokaa masijala hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Leo asubuhi treni ikaingia. Bwana stesheni akatutangazia kwamba mabehewa ni machache kwa sababu mengine yamepelekwa kubeba wakimbizi na chakula chao, kwa hiyo atapandisha watu kwa orodha ya kamati tu. Nikafanya kile ninachokifanya kila siku kazini. Nikapiga mistari miwili myekundu chini ya jina la mwisho, nikaandika "Orodha imefungwa", nikatia sahihi. Nikasimama mlangoni naita majina, kila mmoja anaitika na kupanda, hakuna kusukumana wala matusi. Bwana stesheni akasema hajawahi kuona jambo kama hilo tangu aajiriwe. Nikainua begi langu nami nipande.

"Na wewe unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Mbeya, kisha Ndola."

"Namba yako?"

Nikatafuta kuanzia juu hadi chini. Nikarudia kuanzia chini kwenda juu, labda jina langu litanionea huruma litokee. Mama, niliandika watu wote, niliandika hata kuku, ila mimi mwenyewe sikujiandika. Kinyozi hajinyoi.

"Basi niongeze hapa chini," nikasema.

"Chini ya mistari miwili? Bwana Katibu, si wewe mwenyewe umeifunga? Tena umetia sahihi." Alinitazama kwa huruma kabisa. Na ukweli ni kwamba ningekuwa yeye, nami ningekataa.

Mzee Bukuru alitoa kichwa dirishani akataka kikao cha dharura kirekebishe orodha. Lakini akidi haikutimia, kwa sababu wajumbe wote walikuwa wameshakaa kwenye viti na hakuna aliyekubali kunyanyuka. Treni inayofuata hakuna anayeijua siku yake.

Ndipo Mama Feza akachungulia kutoka dirisha la pili. "Papa Katibu, weye haupande?"

Nikamweleza yote: macho yako, daktari, na jinsi unavyoogopa kuvuka mpaka peke yako. Akauliza, "Mama yako anasikia Kibemba ya kule Ndola?"

"Hata neno."

"Na weye?"

"Hata mimi."

"Sasa ulikuwa unaenda kumusaidia na nini?"

Nikalitua begi chini, Mama. Yeye Kibemba anakijua tangu utotoni. Akasema, "Nitashuka kwa mama yako. Nitamushika mukono mpaka kwa munganga." Nililia pale pale, abiria wote wakinitazama, na sioni aibu kukuambia.

Treni ilipiga honi saa sita. Sasa ni saa nane na bado iko hapa hapa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia kwenye kurasa zilizobaki za daftari. Tumpe, usishangae hizo safu. Ijumaa asubuhi Mama Feza atafika Dar, na mchana wake anaunganisha treni ya Zambia, kwa hiyo Jumamosi atakuwa kwenu. Apumzike hadi Jumatano, kisha wewe Mama mpande naye pamoja. Amebeba samaki wa ziwa la huku, migebuka mikavu, na kidumu cha mafuta ya mawese. Tumpe, usikifungue ukiwa umevaa nguo za kanisani.

Nisalimie shangazi muuza ndizi, mchungaji wetu, na mtoto wa Tumpe ambaye sijamwona tangu azaliwe. Mjomba mwambieni ampokee Mama Feza kama ambavyo angenipokea mimi.

Honi inapiga tena, safari hii nadhani ni kweli. Mama, nilidhani mama huyu ananifanyia hisani mimi. Nilipomshukuru akaniambia kwamba mama yake mzazi alishindwa kukimbia, akabaki Moba, na mwaka wa pili huu hajui kama yu hai. Hakuomba kitu kingine ila awe mbele yako siku utakayofunguliwa bandeji. Nakusihi, nenda naye. Na ukimwona uso, kabla hujauliza chochote, mwite "mwanangu".

Ndaga fijo, asante sana, Mama.

Mwanao,
Asajile