Jeshi Lililoondoka na Mbuzi

Bolgatanga, 4 Februari 2024

Mtani wangu Bayuo, mla vichwa vya mbwa,

Hujambo? Mzee wako je, kikohozi kimempungua? Mama hajambo? Sisi huku wazima, ila upepo wa vumbi umetukausha midomo hadi kucheka kunauma. Ndiyo maana leo nakuandikia kwa hasira.

Jana nimeuendesha tena mchezo wetu wa vita vya falme, nikaiacha kompyuta icheze yenyewe pande zote. Tamaa ya falme kubwa ya kupanuka nikiiweka nane, zinatumeza wewe na mimi kabla mvua ya pili haijanyesha. Nikiishusha hadi tatu, kila mfalme anaatamia mpaka wake kama kuku. Tano ndiyo nzuri. Lakini hata kwa tano mwisho ni uleule: Wafrafra wangu wamekwisha, na Wadagaaba wako wametapakaa hadi jikoni kwa mama yangu!

Nikafungua faili la namba. Nani aliwapa watu wako tamaa ya tisa? Si tulikubaliana kwamba sisi tusio na wafalme tupewe mbili mbili?

Vijana watengeneza michezo wa Accra wanataka kuuonyesha mkutanoni kwao mwezi wa nne. Unakumbuka katika mchezo wa awali, kabla hatujaugeuza, nchi yetu yote ilipakwa kijivu, ardhi tupu ya kuokotwa na yeyote. Baba yako akauliza, "Jirapa iko wapi?" tukamwonyesha kijivu. Safari hii nataka tufike mwaka wa mwisho tukiwa hai. Rudisha namba, mwizi we!

Mtani wako,
Ayamga

Jirapa, 6 Februari 2024

Ayamga, mtumwa wangu mtoro,

Salamu zimefika. Mama mzima. Mzee anakohoa, lakini ulimi wake hauna ugonjwa: anauliza ule mkia wa mbwa ulioiba sikukuu ulikushibisha? Mkeo na watoto hawajambo?

Ndiyo, tisa ni mimi. Na nani mwezi uliopita aliwapa watu wangu sifuri, wakakaa wakinywa pombe ya mtama mpaka wakamezwa? Nilitafuta kosa hadi macho yakauma, kumbe ni wewe! Nikaona nikulipe. Bwana, sisi hatusawazishi mchezo, tunataniana ndani yake.

Mzee alikuwa nyuma yangu akitazama. "Hawa wanapiganaje na ni watani?" Nikamwambia kompyuta haijui utani, ikiona jirani dhaifu inamla. Akasema, "Basi ifundisheni." Rahisi kusema! Sijui hata pa kuanzia. Ila anataka aione Jirapa imesimama, na mimi nataka aione.

Mtani wako,
Bayuo

Bolgatanga, 11 Machi 2024

Bayuo,

Hujambo? Nyumbani hawajambo? Nimeandika na kuandika, kimya. Simu yako nayo haipatikani.

Kama ni ile bendera ya kichwa cha mbwa niliyowapa watu wako, nimeitoa. Huenda nilipitiliza. Mkutano wa Accra umekaribia na namba bado zinatushinda, lakini achana na hayo. Ukweli ni kwamba sina wa kumtukana na siku zangu zimechacha. Niambie tu kwamba u mzima.

Mtani wako,
Ayamga

Jirapa, 13 Machi 2024

Ayamga,

Bendera irudishe. Ilimchekesha mzee mpaka akapaliwa.

Ametutoka alfajiri ya jana. Nilikuwa naye hospitali muda huu wote, ndiyo kimya changu. Alikuwa ameshiba siku, wala hakuteseka mwishoni. Jirapa yake hakuiona.

Marimba yameanza kulia. Watu wamejaa uwanjani, wanalia vizuri na kila mmoja ananipa pole kwa adabu. Adabu hii siiwezi. Njoo.

Mtani wako,
Bayuo

Accra, 20 Aprili 2024

Mtani wangu Ayamga, mwizi wa mbuzi,

Hujambo? Wanafunzi wako hawajambo? Pole kwa shule kukunyima ruhusa ya kuja huku mkutanoni. Mimi mzima, na leo nina furaha.

Mama bado anasimulia siku ya mazishi ulivyovaa joho la fugu la mzee, ukakaa kwenye kiti chake, ukakohoa kama yeye, na kusema hazikwi mtu mpaka uletewe pombe. Alicheka huku machozi yanamtoka, mara ya kwanza tangu hospitali. Na ulipoondoka unamburuta mbuzi wetu, hapo nikajua pa kuanzia.

Nimetuachia mbili mbili, ila kati yako na mimi tamaa ni sifuri. Mmoja akivamiwa, mwingine anakuja kumsaidia. Na mzee wa upande mmoja akifa, watu wa upande wa pili wanavuka mpaka bila silaha.

Leo tumeuendesha mbele ya ukumbi mzima. Falme kubwa zilitujia tena na tena, zikatukuta wawili. Mwaka wa mwisho ukafika. Hakuna kijivu, Ayamga! Jirapa ipo, Bolgatanga ipo.

Kisha binti mmoja akanyoosha mkono. "Kaka, kuna kosa. Jeshi la Wafrafra limeingia Jirapa, halikupigana na mtu, limeondoka na mbuzi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikasimama.

"Si kosa," nikamwambia. "Wamekuja kunizikia baba."

Nisalimie wote nyumbani, na mbuzi wetu kama bado yu hai.

Mtani wako,
Bayuo