Jina Nisiloweza Kuliimba

Valoka, Hoskins,
Papua Guinea Mpya.
Tarehe 11 Juni, 2006.

Mpendwa mpwa wangu Bibiana,

Pokea salamu za mjomba wako kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe, na mumeo, na wale wanangu wadogo ambao sijawatia machoni? Cairns inawatendea vizuri? Mimi mwili wangu ni uleule. Juzi nimeangusha mchikichi mzima peke yangu, na wanaume wanne wamekaa pembeni wanatafuna popoo na kunitazama. Waulize, watakana, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Usishangae kuona mwandiko wa katekista juu ya bahasha. Jina lako la pili ni la baba yako, na jina la shemeji yangu mimi siligusi, si kwa ulimi wala kwa kalamu. Mila yetu unaijua. Katekista ameandika, mimi nikatazama kuku.

Baba yako hali yake si nzuri. Uvimbe wa koo umekuwa mkubwa, na daktari wa Kimbe ametuambia tumrudishe nyumbani tu. Sauti ndiyo iliyotangulia kuondoka. Akitaka maji anagonga ukuta. Barua yako mama yako alimsomea, pale unaposema kazini hawakupi ruhusa mpaka Krismasi. Akafumba macho. Sikufichi, mwanangu, Krismasi ni mbali mno.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umeniomba ile kaseti yake ya kwanza, iliyotoka kabla hujazaliwa, ili watoto wako wapate kusikia sauti ya babu yao. Ulikuwa na haki ya kuniomba mimi, maana katika kisiwa hiki kizima aliyebaki nayo nilikuwa mimi.

Ninyi mmezikuta zile kaseti za baadaye, za kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe kama nyumba yenye shetani. Zile mimi sizihesabu. Ile ya kwanza waliirekodi Rabaul, chumba cha nyuma ya duka la Mchina, ukutani wamebandika trei za mayai. Magitaa mawili, ukulele mmoja, na mianzi. Mianzi, ile inayopigwa midomoni ikavuma kama ngoma, nilipiga mimi kwa ndara zangu mwenyewe, na nilipiga mpaka ndara ya kulia ikashika moto. Mchina alikuja na ndoo. Na kile kikohozi mwisho wa upande wa kwanza, gitaa linapofifia, ni changu. Walitaka kukifuta, baba yako akakataa. Akawaambia, "Mwacheni Linus, na yeye ametoka jasho." Baadaye watu walikuwa wanakingoja kikohozi kile, wanakohoa nacho pamoja kwenye dansi.

Nyimbo zilikuwa kumi, na wa nne ndio wenyewe. Msichana yuko ng'ambo ya mto, anauliza mtumbwi huu ni wa nani, na mwimbaji anajibu kwa kutaja jina lake mwenyewe, analivuta juu, juu, mpaka unahisi litakatika. Halikatiki. Kule Kimbe aliliachia jina lile uwanjani, popo wote wakahama mti na hawajarudi hadi leo. Na mimi nilikuwa mbele kabisa, nalipigia kelele jina lile kuliko mtu yeyote. Hakuna aliyelipenda kama mimi.

Kumbe msichana wa ng'ambo ya mto alikuwa dada yangu Regina, mama yako. Siku mahari ya shanga ilipopokelewa, jina lile likafungwa mdomoni mwangu. Nikampata shemeji, nikampoteza mwimbaji. Tangu hapo tukiimba pamoja, nikifika pale kwenye jina nanyamaza, yeye analichukua, halafu naingia tena. Watu walidhani tumeutunga hivyo.

Mlima wa Rabaul ulipolipuka, chumba cha Mchina kilizama katika majivu pamoja na kanda zote za asili. Nami nilikuwa kulekule siku ile; yangu niliitoa ikiwa ndani ya kopo la maziwa, nimejitwika kichwani, majivu yamenifika kifuani. Ikapona. Haya, iliyopona mlima imekuja kuuawa na ukungu. Nilipopata barua yako niliitia kwenye redio ya jirani, ikatafunwa yote. Niliitoa kama tambi. Nimeiosha, nimeianika, nimeiunga kwa rangi ya kucha ya Klara, mke wangu. Kilichobaki kinachosikika, Bibiana, ni waya wa gitaa unafifia, halafu kikohozi changu.

Sikukaa kitako. Nilikwenda mjini, kwenye kituo kimoja cha redio ambacho zamani kiliupiga ule wimbo kila asubuhi. Nilikwenda peke yangu, nikijiambia, nani asiyemfahamu. Nikamkuta binti mmoja amekaa mbele ya makabati ya kaseti.

"Jina la mwimbaji, baba?"

"Yule mrefu wa Valoka, mwenye ule wimbo wa mtumbwi."

"Mitumbwi iko mingi humu. Jina."

"Ni shemeji yangu."

Akacheka kidogo, na hakucheka vibaya, kwao nako mila hiyo ipo. "Pole, baba. Basi nipe herufi ya kwanza tu, kaseti zimepangwa kwa majina."

"Herufi nayo ni yake."

"Sasa mimi nitafanyaje? Nenda kalete mtu mwenye mdomo."

Nikaenda sokoni kutafuta mdomo. Nikawaimbia wauza popoo ule wimbo mpaka kwenye jina, nikanyamaza, nikawatazama ili wamalizie. Mmoja akaniuliza kama nimesahau maneno. Mwingine akasema, "Mzee, huo ni wa kanisani?" Nikamwimbia dereva wa gari la abiria, nikamwimbia askari mlangoni mwa benki, naye akaniomba nisogee. Mpwa wangu, watu wote wale, na hapakuwa na hata mmoja wa kunijazia. Mji uliokuwa unakohoa pamoja nami.

Nikarudi juma lililofuata na Klara, ambaye mdomo wake haukufungwa. Makabati hayapo. Chumba wameweka kompyuta. Yule binti akatoka nje, akasema, "Baba, kaseti zimechomwa Ijumaa. Nilikungoja mpaka saa sita." Klara akalitaja jina hata hivyo, kwa kuwa alikuwa amelibeba njia nzima. Binti akasema hajawahi kulisikia.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo. Haipo. Usiitafute huko, nimeshamwuliza kila mtu mwenye ndugu Australia.

Jana alasiri nilikaa kibarazani karibu na kitanda cha baba yako, na mianzi miwili na ndara. Nikamwimbia ule wa nne. Vidole vyake vilikuwa vinafuata gitaa juu ya shuka. Nikafika pale msichana anapouliza mtumbwi ni wa nani, nikanyamaza kama kawaida yetu, nikamwachia. Akafungua kinywa. Pumzi ilitoka. Nikaendelea kupiga mianzi, nazunguka palepale, nampa nafasi tena na tena, naye anafungua kinywa, mpaka mama yako akatoka jikoni akanishika mkono.

Mama yako anakusalimu, hali chakula vizuri lakini anajikaza. Klara naye anakusalimu. Wape watoto salamu zangu, na wewe mwenye ruhusa wafundishe jina la babu yao, wajue linavutwa juu, lisikatike. Mungu akulindeni huko mliko, asiwanyime sauti.

Ni mimi mjomba wako akupendaye siku zote,

Linus Bola