Swali Ambalo Hawakuruhusiwa Kuniuliza

Mpendwa Bi Odessa,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana wiki hii nimeshagombezwa na kila anayenifahamu, na hata mama yangu, ambaye mpaka leo anadhani kazi ya mfamasia ni kuhesabu vidonge, ameniambia kwamba nina mdomo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa famasia hapa Nebraska, na kama unavyojua sisi tunaotaka kufanya kazi wodini badala ya kusimama kaunta tunahitaji kwanza nafasi ya mafunzo ya mwaka mmoja hospitalini, na nafasi zenyewe ni chache kuliko sisi, kwa hiyo majira yote haya ya baridi nimekuwa nikiendesha gari kwenye theluji kutoka usaili huu hadi ule nikiwa na suti ileile ya bluu, nikiulizwa swali lilelile, "Tueleze siku uliyoshindwa," mpaka nikaanza kuona kwamba maishani sijawahi kufanya kingine ila kushindwa.

Hospitali ninayoitaka ni moja, Bi Odessa, ni kubwa, iko mjini, ina wodi ya watoto wenye saratani, na nimeitaka tangu nilipopelekwa pale kwa mazoezi nikamwona mfamasia wao, Bwana Hruska, amepiga magoti kando ya kitanda akimweleza mtoto kwa nini dawa yake ni nyekundu, na nikajiambia hiyo ndiyo kazi yangu.

Siku ya usaili niliwasilisha mada mbele ya wafamasia wao, nikapewa mgonjwa wa kubuni, mtoto mwenye figo dhaifu, nikampangia dawa na jopo likaridhika, kisha tukapelekwa kula chakula cha mchana na wale walioko mafunzoni sasa, tukaambiwa, "Hapa hakuna anayewapima, kuleni kwa raha," na sote tunajua kwamba hapo ndipo unapopimwa kuliko kwingine kokote, basi nikaitafuna runza yangu, ule mkate wetu wa nyama na kabichi, taratibu kama bi harusi mbele ya wakwe.

Mwisho nikaitwa kwa mkurugenzi wa mafunzo, Daktari Whitcombe, akafunga mlango, akatabasamu. "Binti, tuambiane ukweli. Kwenye orodha yako, sisi ni wa ngapi?"

Bi Odessa, wewe kanuni unaijua! Sisi tunaandika orodha yetu kwa siri, hospitali nazo zinaandika za kwao, kompyuta inalinganisha, na wao hawaruhusiwi kabisa kutuuliza tumewaweka wapi. Nikamwambia, "Samahani Daktari, swali hilo hamruhusiwi kuniuliza." Akacheka. "Aa, maongezi tu haya. Sisi tunapenda kuwaweka juu wanaotuweka juu." Nikasema, "Basi tuongee mengine. Baridi ya mwaka huu imezidi." Akafunga faili langu, na maongezi yakaishia hapo.

Niliporudi chuoni msimamizi wangu, Profesa Lindquist, alishika kichwa. "Umejiharibia mwenyewe! Mwandikie leo hii barua ya shukrani, mwambie wao ni wa kwanza, yaishe." Rafiki yangu Corliss naye, "Shoga, mimi hospitali zote nimeziambia ni za kwanza. Kwani watakutana wapi waulizane?" Mimi sitaki. Sijutii hata kidogo, na ningeulizwa tena ningejibu vilevile, pengine kwa sauti kubwa zaidi, lakini nina hasira kiasi kwamba nataka niwatupe mkiani mwa orodha, juu niweke hospitali ndogo ya kule magharibi iliyonipokea vizuri na ambayo nina hakika itanichukua, maana wale wakubwa hawanitaki tena, na kwa nini niharibu chaguo langu la kwanza kwa watu wasionitaka? Orodha inafungwa Ijumaa, na nikikosea nitaikosa wodi ile, au nitakosa nafasi kabisa. Niombe radhi, au niwaoneshe?

Ludmila, Nebraska

*

Ludmila,

Kabla ya kuichapa barua yako kwenye safu hii majina yote nimeyabadilisha, la kwako pia, kwa hiyo lala usingizi. Sasa sikiliza.

Uombe radhi kwa lipi? Mtu mwenye madaraka amefunga mlango akakuuliza jambo analojua fika kwamba ni marufuku, nawe ukamjibu kwa adabu, ukampa hata habari za baridi ajisitiri nazo. Nimekaa kwenye majopo hayo miaka mingi. Hizo "ninyi ni wa kwanza" tumeambiwa mpaka masikio yamechoka, na tunajua kila hospitali inaambiwa hivyo. Barua ya shukrani andika, mistari mitatu: asante kwa muda wenu, asante kwa chakula, wasalaam. Na Corliss mwambie wafamasia wa Nebraska wote tunajuana na simu tunazo.

Hapo nimekusifu. Sasa nakugombeza, tena sana.

Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo halafu hujui kompyuta ile inavyofanya kazi? Inaanza na chaguo lako la kwanza. Wasipokuwa na nafasi yako, inashuka kwa la pili, na huko unahesabiwa sawasawa na aliyewaweka wa kwanza. Kuanza na wagumu hakukupunguzii kitu. Lakini ukianza na hospitali ndogo, nao wakakutaka, kompyuta inasimama hapo hapo na wale wakubwa haiwaulizi kamwe. Utaishi bila kujua kama walikuwa wamekuandika. Yaani Whitcombe ulimnyima jibu, halafu kwa hasira unataka kumwachia wodi nzima!

Na nani kakuambia hawakutaki? Orodha yao haiandikwi na mtu mmoja. Kila aliyekusikiliza siku ile ametoa alama, na Bwana Hruska sidhani kama aliachwa nje.

Swali lile mkurugenzi hakuwa na haki nalo. Wewe unayo. Hospitali ile ni ya ngapi kwako? Umejibu mwenyewe, kwa kalamu yako, na hujaficha.

Basi fanya hivi. Usingoje Ijumaa, kesho waandike wa kwanza. Hospitali ndogo iwe ya pili. Chini yao weka zile tu ambazo ukipangiwa utafunga mizigo uende bila kulia, kwa sababu ukishapangwa huna kurudi nyuma. Kisha, wiki hiyohiyo, iandikie ofisi inayosimamia mgawanyo wa nafasi hizi: tarehe, chumba, swali, jibu lako. Wewe kanuni uliijua. Atakayeketi mbele ya Whitcombe baada yako huenda haijui, ataona haya, ataahidi kuwaweka wa kwanza.

Najua utaniuliza, "Bi Odessa, niwaweke wa kwanza na niwashtaki papo hapo?" Ndiyo, vyote viwili. Wodi ile si mali ya Whitcombe, na wewe hukwenda kuomba hisani. Matokeo yakitoka na jina lako likiwa pale, yanawafunga wao kama yanavyokufunga wewe. Utaingia asubuhi kwa mlango wa mbele, na hakuna mtu humo ndani utakayekuwa umemwahidi chochote.