Kadi ya Bure

Mpwa wangu,

Sijambo, ila magoti yananigomea. Nilimwonyesha fundi kompyuta wa mtaani kwetu vifaa ulivyochagua kuundia kompyuta yako ya michezo, akacheka. "Mzee, kadi ya picha kubwa hivi kwa prosesa ile, ubongo wa kompyuta mdogo vile? Ni kumvisha mtoto koti la babu! Apunguze kadi, aongeze prosesa."

Basi kadi ile ya bure, anayotaka kuja kukufungia huyo mwenzako wa michezo ya mtandaoni usiyewahi kumwona, huihitaji. Waliomchukua baba yako walikuja kututengenezea redio, bure vilevile.

Simu siiamini tena, ndiyo maana naandika. Jana huyo mwenzako wa kadi alinipigia, akaniita mjomba, akauliza kama bado unalala peke yako.

Usimfungulie. Panda basi uje.

Ni mimi mjomba wako, ninayekungoja mlangoni.