Nimsitiri Shemeji Aliyekalia Kiti Changu?

Mpendwa Mama Garama, shikamoo. Naomba msaada wako maana nimejaa hasira hata chakula hakipiti. Mimi ni karani wa vyumba katika hoteli moja hapa Diani, na kila asubuhi kompyuta yangu huipigia simu ile kubwa ya ofisi yetu Mombasa, natia neno langu la siri mara moja tu, na njia ikishafunguka hakuna mtu wa nje awezaye kuchungulia, basi kwa njia hiyo hiyo natuma mafaili ya wageni na papo hapo naiamuru mashine ya kule igawe vyumba, wala siulizwi tena mimi ni nani. Sasa laini ya simu huku ni taabu kuipata, kwa hivyo meneja wetu, Bwana Kaindi, amenikataza kuifunga mchana kutwa, na juzi nilipokwenda kuswali adhuhuri, Swabir wa mapokezi, ambaye amemposa mdogo wangu Ummi, akakalia kiti changu ati aonyeshe kuwa naye anajua, akatuma orodha ya wiki iliyopita juu ya ile mpya na kuamuru vyumba vigawiwe, jioni likaja basi la wageni wakakuta vyumba vyao vina watu, na kule Mombasa jina lililoandikwa ni langu. Nimepewa mpaka Jumatatu nijieleze, la sivyo kazi sina. Swabir amekiri kwangu faraghani, lakini anataka ninyamaze, na mama naye ameniambia, "Msitiri shemeji yako, mwanangu, harusi imekaribia." Jamani, nifanyeje?

Mwanapili, Waa

Marahaba, Mwanapili. Pole, mwanangu, lakini na wewe umenikasirisha. Unauliza nini hapo? Kusitiri ni kufunika aibu ya mtu isienee mitaani. Kubebeshwa kosa lake huku yeye akinywa chai mapokezi ni kuonewa, na mama yako, kwa heshima zote, amechanganya mambo.

Mashine ya Mombasa inalijua jina la aliyefungua njia, haijui vidole vya nani vilivyobonyeza. Usibishane nayo. Tafuta aliyekuona ukiswali saa ile aje aseme. Leo hii mwambie Swabir, mama yako akisikia, aende kwa Bwana Kaindi kwa miguu yake. Asipokwenda, nenda wewe. Na huyo Bwana Kaindi mkumbushe kwa adabu kwamba amri ya kuacha njia wazi ilitoka kwake, asijitie hamnazo.

Kuanzia sasa ukiinuka kitini, hata ni kunywa maji, ifunge njia hiyo. Laini ikisumbua, na isumbue.

Kisha mketishe Ummi umweleze yote kabla mahari haijapokelewa. Wewe ukifukuzwa utatafuta kazi kwingine. Yeye ndiye atakayelala nyumba moja na mwanamume anayekosa, kisha akatazama mwenziwe akiadhibiwa.