Kicheko Haitikii Jina

3 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye nyumba za wauguzi? Sisi na bibi wazima, isipokuwa upweke. Barua hii nampa dereva wa hospitali, maana simu ni ya masomo, na mdogo wangu akiishika hang'oki.

Tangu ugonjwa ufunge madarasa tunasoma kwa simu, lakini shule ya simu si shule, mama. Mwalimu wa hesabu anaita majina, tunajibu "nipo", kisha kila mtu anazima picha yake. Natamani hata vumbi la chaki. Kicheko, yule ninayekaa naye dawati moja, wiki nzima haitikii. Mwalimu anarudia jina lake, anapita. Tungekuwa darasani, wote tungegeuka.

Nimekukumbuka hadi nalala na sweta yako.

Mwanao

9 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inanung'unika. Wodini tunajifunika hadi tunatambuana kwa mwendo; kuna mzee mgonjwa ananiita Sista Bata.

Kuhusu Kicheko, usimngoje mwalimu. Kimya kingi kina mshindo. Nenda kwao na bibi, umwite.

Mama yako

20 Juni

Mama,

Shikamoo. Tulikwenda kwa kina Kicheko. Mama yake akasema, "Yumo ndani, kazi yake kulala." Nikamwita dirishani. Akatoka na blanketi mabegani, amekonda. Nikamwuliza kama simu yake imeharibika.

"Nzima," akasema. "Siku ya kwanza sikuitika makusudi, nione nani ataniulizia. Hakuna. Siku ya pili ikawa rahisi."

Bibi akamwambia, "Vaa viatu, twende ukale kwetu."

Nikampigia mwalimu. Jioni akaja kwetu kwa miguu, akakaa na Kicheko uani wakiongea mambo yasiyo ya hesabu. Sasa Kicheko anasomea mezani kwetu. Shule itafunguliwa kwa zamu, nusu ya darasa kila zamu, na mwalimu ametuweka kundi moja.

Nijibu upesi.

Mwanao

15 Julai

Mama,

Shikamoo. Hujajibu, na simu yako imezimwa. Dereva anasema, "Mama yako mzima, kazi tu zimembana." Kicheko kaniambia, "Hata mimi walisema nalala tu."

Jumapili tunakuja na bibi. Tutasimama nje ya uzio.

Mwanao

20 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Jumapili mlipokuja, mlinikuta nimekaa kitandani na sare, sijala. Yule mzee aliyekuwa akinitania alifariki, na wengine wakamfuata. Nikaona bora ninyamaze, nisiwatwishe mzigo wangu.

Mara nikasikia "Mama" kutoka nje. Kila muuguzi mwenye mtoto alikimbilia dirishani. Mimi nilishajua ni wangu.

Umerefuka, mwanangu. Lile gauni la bluu limekuwa fupi, na mimi sikuwapo likifupika.

Nimeomba ruhusa ya kuja nyumbani, bado sijajibiwa. Jumapili njoo tena. Sogea karibu na uzio, nikuone uso.

Mama yako