Mikiwi Isiyozaa

Shoga, nimejifungia stoo, nimekaa juu ya makreti. Sitoki.

Si unajua shangazi aliniajiri mwaka jana nimfanyie hesabu za shamba lake la kiwi? Faida imeshuka. Leo nikasimama mbele ya wafanyakazi wote na chati yangu, nikasema mmea mmoja katika kila minane haujawahi kutoa hata tunda moja. Ikatwe.

Nikarudia, tena kwa kujiamini. Ikatwe.

Msimamizi akakuna kichwa. "Mwanangu, hiyo ndiyo midume. Bila chavua yake, mingine yote haizai."

Midume, shoga. Mimi ningejulia wapi?

Shangazi hata hakucheka. Akaniambia taratibu, "Mwaka mzima uko hapa, hujachuma kiwi hata moja. Nikukate na wewe?"